Kabla Hujabonyeza Kile Kitufe Kidogo cha Nyuma

Kazi zilinibana kidogo, lakini leo nimerudi na jambo linaloniuma.

Juzi nikiwa Thika nilipigiwa simu na mteja wangu mmoja, mzee mwenye ofisi hapa Thika na ghala kule Ruiru. Hesabu zake zote za miaka sita ziko kwenye mtambo wa kuhifadhi data ulio Ruiru.

"Fundi, mtambo umekufa," akasema. "Ukurasa wake wa usimamizi haufunguki. Kijana wa huku anasema tubonyeze kile kitufe cha nyuma, urudi ulivyotoka kiwandani."

Nikamwuliza swali moja tu: "Mzee, wauzaji bado wanatoa risiti?"

"Eee, wanatoa."

"Basi haujakufa. Mwambie asiguse kitu, nakuja."

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mtambo wa aina hii una milango miwili. Mmoja unapitisha data, mwingine ni wa msimamizi: anwani yake ya IP unaiandika kwenye kivinjari ili uone hali ya diski. Huu wa pili ukifungwa, ule wa kwanza unaweza kuendelea kama kawaida. Na kile kitufe? Kwenye mitambo mingine hurejesha anwani na neno la siri tu. Kwenye mingine hufuta kila kitu. Kama hujasoma kitabu cha mtambo wako, unacheza kamari na mali ya mtu.

Nikapanda matatu, nikashuka Ruiru. Kwanza nikaangalia kebo na taa: sawa. Kisha nikauliza ni nini kimebadilika. Kumbe asubuhi ile walikuwa wamewekewa rauta mpya! Ya zamani ilikuwa ikitoa anwani zinazoanza na 192.168.0, na mpya inatoa 192.168.1. Seva na kompyuta za wauzaji hupewa anwani na rauta, kwa hiyo zilihama pamoja. Data yenyewe hupita kwenye kebo yake kati ya seva na mtambo, haikuguswa. Lakini mlango wa usimamizi ulikuwa umeandikiwa anwani kwa mkono, ukabaki kwenye mtaa wa zamani ambao hakuna mtu anayeishi tena.

Nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye mlango huo, nikaipa anwani ya mtaa ule wa zamani, nikapiga ping. Ikajibu. Ukurasa ukafunguka. Diski zote zilikuwa nzima.

Ningeweza kuuhamishia mtambo kwenye 192.168.1, lakini ofisi ya Thika nayo inatumia 192.168.1. Ukiwa Thika ukiita anwani ya namna hiyo, kompyuta itaitafuta hapo hapo Thika, wala haitatoka kwenda Ruiru. Kwa hiyo nikairudisha rauta mpya kwenye mtaa wa zamani, nikapanga upya njia ya VPN kati ya ofisi mbili, kazi ikaisha.

Tahadhari mbili. Ping ikijibu haina maana kwamba ukurasa utafunguka, na isipojibu si ushahidi wa kifo, maana vifaa vingine vimekatazwa kuijibu. Tena, mtambo ukiwa mzee, huenda anayeukataa ni kivinjari chako: mwaka 2020 vivinjari vikubwa vilianza kuachana na TLS 1.0 na 1.1.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Yule kijana, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tuufungue ukurasa ule kwenye intaneti ili tusisumbuke tena. Nilikataa, na ningekataa hata kama angekuwa mwajiri wangu. Juni 2021 wenye vifaa vya WD My Book Live vilivyounganishwa na intaneti walikuta data yao imefutwa kutoka mbali. Mtengenezaji alikuwa ameacha kuvitolea masasisho tangu 2015. Januari 2022 wahalifu wa Deadbolt walifunga data kwenye vifaa vya QNAP vilivyofikika kupitia intaneti, wakadai bitcoin 0.03 kwa kila kimoja. Mlango wa msimamizi haufai kuwa barabarani. Ukiwa mbali, pitia VPN.

Lakini mlango uliofungwa unahitaji mtu anayejua ulipo. Na hapa nakiri: mtambo ule niliuweka mimi mwenyewe, na anwani yake niliiandika kwenye laptopu yangu tu. Kama simu yangu ingekuwa imezimwa siku ile, kitufe kingebonyezwa, na lawama angebeba kijana ambaye hakuachiwa hata mstari mmoja wa maelezo.

Mafundi wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika anwani, mtaa wake, na kebo inakoingia, kisha ubandike karatasi ndani ya kabati. Neno la siri lisikae hapo. Litie kwenye bahasha, umkabidhi mwenye mali.

Karatasi ya Ruiru nimeshaibandika. Kesho naanza kuzungukia wateja wengine wa Thika.