Msiuzike Utenzi kwa Kinanda

Limezuka pendo jipya miongoni mwa watunzi wetu, nalo ni la kuuvika kila utungo muziki wa filamu. Tafuteni shairi lolote lililorekodiwa miaka ya karibuni, mtayakuta yale yale: kinanda kinadondosha noti mbili tatu za huzuni, nyuzi za mashine zinapanda taratibu kama ukungu, mwangwi unatanda, na ndani ya ukungu huo kuna binadamu anasema kitu. Anasema nini? Hatujui sawasawa. Tunajua tu kwamba ni jambo la kuhuzunisha, maana kinanda kimekwisha kutuamuru tuhuzunike. Mimi nayaita hayo mazishi, na naandika kuwapinga wote wanaoyasimamia: watunzi wa muziki wanaoyauza, na zaidi yao washairi wanaoyanunua.

Tuelewane mapema. Simo katika kundi la wazee wa baraza wanaosema sinthesaiza ni chombo cha kigeni na kwa hiyo hakina haki ya kukaa karibu na Kiswahili. Hoja hiyo ni dhaifu, na anayeitoa huwa ameisahau historia ya taarabu. Fidla ni ya kigeni, kanuni ni ya kigeni. Sultani Barghash alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na kilipofika chama cha Ikhwani Safaa mwaka 1905 vyombo vile vilikwisha kupata wenyeji. Havikuufuta ushairi, vilitumwa na ushairi. Mwimbaji aliposhika ubeti, fidla ilingoja. Ubeti ulipokwisha, fidla ilijibu. Adabu hiyo ndiyo ninayoidai.

Wala siwabezi vijana wanaotunga nyumbani. Hapa Engutoto, na Njiro, na kupanda juu kuelekea miteremko ya Meru, chumba kimoja chenye kompyuta, kinanda kidogo na hedifoni kinatosha kuzaa muziki ambao zamani ungehitaji ukumbi na wapigaji arobaini. Ni neema. Vangelis, Mgiriki aliyeishi London, hakuwa msomaji wa noti. Alikaa na vinanda vyake katika studio yake mwenyewe, akatunga muziki wa filamu ya Chariots of Fire, na mwaka 1982 akatunukiwa Oscar. Karibu zaidi nasi yuko Hailu Mergia wa Ethiopia. Mwaka 1985, akiwa ughaibuni Washington, alirekodi peke yake kwa akodioni, vinanda vya umeme na mashine ya midundo, na kaseti ile ikabaki kuwa ya Kihabeshi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine haikumnyang'anya chochote, kwa sababu alipoikalia alikuwa na nyimbo za kwao kichwani.

Wetu hukalia mashine wakiwa na nini kichwani? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, na sehemu yake kubwa hapa hapa Momella, chini ya Mlima Meru. Jina lake ni neno letu. Muziki wake aliutunga Henry Mancini, na kipande kilichovuma kuliko vyote ni kile cha tembo wachanga wakipelekwa majini, ambacho besi yake ni bugiwugi ya Marekani. Simlaumu Mancini. Alikuwa mtu wa kwao, akaandika kwa lugha ya kwao. Miaka 32 baadaye ikaja The Lion King ya Hans Zimmer: majina kadhaa ya wanyama ni ya Kiswahili, mbuga ni kama zetu, na wimbo unaofungua filamu unaanza kwa Kizulu. Nao hawana kosa. Walihitaji sauti ya Afrika, wakamwendea Mwafrika hodari, Lebo M. Lakini tangu hapo kila kasha la sauti zilizokwisha kutengenezwa, linalouzwa kwa jina la Afrika, limejaa ngoma kubwa na kwaya ya kusini. Na kijana wa Arusha, mwenye kaya za Waarusha jirani zake, analifungua kasha hilo ili atunge muziki wa kwao!

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, maana lina kichekesho ndani yake. Mnamwona Mmaasai katika filamu fupi ya utalii, na chini yake ngoma zinarindima. Wamaasai jadi yao ni kuimba bila ngoma. Kiongozi, olaranyani, hutangulia kwa sauti moja, na wenziwe humjibu kwa mngurumo wa koo unaokwenda bila kukatika. Mngurumo ule mzito, wa chini, usio na maneno, ndio hasa muziki wa mandhari ambao watunzi wetu wanautafuta usiku kucha katika makasha ya Ulaya. Engutoto yenyewe ni jina la Kimaa. Mtu anaishi ndani ya jina, lakini hajapata kusikia linavyoimba.

Sasa nije kwa washairi, na hapa nitakaa zaidi kwa kuwa hapa ndipo kunapoumiza.

Ubeti wa utenzi una mizani nane kwa kila mshororo. Shairi la kawaida lina kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Hesabu hiyo haivumilii upungufu; mizani moja ikipotea, mshororo unachechemea, na sikio lililolelewa katika ushairi hulijua hilo kabla akili haijahesabu. Haya, chukueni neno mtu. Ni mizani mbili: m, kisha tu. Chukueni nchi, mbwa, mti. Ile m na ile n za mwanzo ni silabi kamili, zina uzito sawa na ndugu zake, lakini kwa sauti ni nyonge. Midomo imefungwa, pumzi inapita puani, na nguvu ya sauti ile hukaa chini, kwenye hezi mia mbili hadi mia nne hivi. Napo ndipo mahali ambapo nyuzi za mashine na kinanda cha huzuni hupenda kulala. Matokeo yake ni hesabu ya kitoto: silabi nyonge inalaliwa na wimbi nene, haisikiki. Msomaji ametamka mtu, msikilizaji amepata tu. Mshororo uliotoka kinywani na mizani nane umefika sikioni na saba, au sita. Halafu tunalalamika kwamba vijana wa leo hawana sikio la mizani. Watalipata wapi, ikiwa tunawapelekea beti zilizokwisha kunyofolewa?

Nimepata kuletewa jibu la werevu juu ya hili. Mtunzi mmoja alinambia kwamba muziki wa mashine na shairi ni ndugu wa damu: duru ya kawaida ina mapigo kumi na sita, shairi lina mizani kumi na sita, basi kila mizani ipewe pigo lake na kazi imekwisha. Hoja inapendeza kwa mtu asiyepata kughani. Mizani huhesabu silabi, haihesabu muda. Anayeghani huivuta silabi ya mwisho ya ukwapi mpaka kina kisikike, hupumua, huipita mizani ya tatu mbio, hukawia kwenye ile iliyobeba maana. Mahadhi ya mtu wa Lamu si ya mtu wa Tanga, na mtu huyo huyo hubadili mahadhi anapotoka kwenye wasia kuingia kwenye maombolezo. Kumfunga malenga kwenye saa ya mashine ni kumpa mwogeleaji fimbo ya kutembelea. Shairi limekwisha kuja na muziki wake. Waliosikiliza Malenga Wetu ya Radio Tanzania wanakumbuka: hakukuwa na chombo, na hakuna aliyeuliza chombo kiko wapi.

Basi kwa nini washairi wetu wanavinunua vinanda hivi? Nitasema, na atakayekasirika akasirike. Wanaogopa kimya. Wanajua kwamba ubeti usioegemea kitu utapimwa kwa maneno yake, na maneno mengine hayapimiki. Nyuzi zikilia, hata kina cha kulazimisha huonekana kina hisia. Muziki umekuwa ushuhuda wa uongo unaotolewa kwa niaba ya shairi ambalo lenyewe halina la kusema. Ama kwa yale mashairi mazuri, na yapo, dhuluma ni kubwa zaidi: yanaingia katika foleni ya yale mabaya, yamevaa sare moja.

Mtunzi wa Engutoto, au wa popote, anayetaka kushika kazi hii kwa heshima, aanze kwa kulisikiliza shairi likighaniwa tupu, mara nyingi, mpaka ajue linapopumua. Mawimbi yake ayapitishe kwenye kichujio, ayaondoe pale ilipo m ya mtu, ayaache chini kabisa au juu kabisa. Azime saa ya mashine, apige kwa mkono akimfuata msomaji. Mwangwi aufungue kwenye kituo, aufunge mshororo unapoanza. Na akitaka sauti za nyumbani, asiende mbali. Marehemu Hukwe Zawose alichukua ilimba na zeze za Ugogo, akakaa na Michael Brook, mtu wa gitaa na wa muziki wa filamu, wakatoa santuri ya Assembly mwaka 2002, na mashine hazikummeza mzee yule hata kidogo. Wagogo hawapangi sauti zao kwa kipimo cha piano. Ile sauti ya saba ya asili, wanayoitumia, iko chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Programu nyingi za leo zinaruhusu kuishusha sauti kiasi hicho. Ni kazi ya dakika kumi, na ni wachache mno wanaojisumbua nayo.

Mwenye kazi ya namna hiyo aitume hapa. Nitaisikiliza kwanza kwa spika ya simu, mvua ikipiga bati, kama wengi wetu tunavyosikiliza. Na neno mtu likinifikia na mizani zake mbili, nitaisifu kazi hiyo kwa jina la mtunzi wake.