Vantilatere ya ordinatere zetu



Hapa kwenye masomo wengi wanasema feza za chumba cha ordinatere zinunue vantilatere kubwa, sababu Kindu iko joto. Sisi wa mwaka wa sita hatukubali. Karte-mere ndogo, ile ya Mini-ITX, iko na santimetre 17 tu kila upande. Prosesere na barete za memwari vinabanana pale kabisa. Noctua NH-D15 iko na urefu wa milimetre 165. Mufuniko wa sanduku dogo utafungika namna gani? NH-L9i iko na 37, na haizibi barete. Kweli, hiyo inafaa prosesere isiyokula umeme mwingi. Basi tuchague prosesere ya namna hiyo.

Sanduku na karte-mere vifike kwanza. Halafu tukate karto ya kipimo cha radiatere, tuiweke pale, tuone kama inagusa barete. Tupime tena toka juu ya prosesere mpaka mufuniko. (Rula kila mutu iko nayo!) Chombo kikikataa kuingia, nani atakirudisha Kinshasa kwa ndege? Feza ni za wazazi. Tunaomba komite isitume hata franka moja mbele ya karto kukatwa.