Istilahi Kabla ya Hukumu: Nadharia za Mesoni Ngeni zenye Kwaki Nzito

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huendeshwa kana kwamba wanasayansi wenyewe wamekwisha kukubaliana juu ya kile kinachopewa jina, na kwamba kazi iliyobaki ni ya mwanaisimu peke yake: kuchagua baina ya kutohoa, kutafsiri na kuunda neno jipya. Kwa dhana za fizikia ya shuleni, kama vile kani, nishati na mchapuko, hali ni hiyo kweli. Kwa dhana zilizo mstari wa mbele wa utafiti hali ni nyingine. Huko jina hutangulia maarifa, na mara nyingi huwa upande mmoja wa ugomvi.

Makala haya yanachukua mfano mmoja, nao ni mesoni ngeni zenye kwaki nzito. Tangu mwaka 2003 chembe hizi zimewagawa wananadharia katika makundi kadhaa, na kila kundi lina neno lake. Hoja yetu ni kwamba mwistilahi wa Kiswahili hana budi kuzielewa nadharia hizo kabla ya kuchagua neno, na kwamba pale ambapo ushahidi haujatoa hukumu, istilahi nayo isitoe. Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kueleza kinachobishaniwa.

2.0 Mesoni za Kawaida

Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba hadroni zimeundwa kwa chembe za msingi zaidi, yaani kwaki. Barioni, kama protoni na nyutroni, zina kwaki tatu. Mesoni ina kwaki moja na antikwaki moja. Katika makala yake ya mwaka huo huo Gell-Mann alitaja pia uwezekano wa mesoni yenye kwaki mbili na antikwaki mbili. Kwa hiyo jambo tunaloliita geni leo lilikuwemo katika mfano wa kwaki tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni ushahidi.

Kwaki za u na d, ambazo ndizo zilizomo katika protoni, ni nyepesi mno. Kwaki za c na b ni nzito: tungamo la c ni kubwa kuliko la protoni nzima, na la b ni zaidi ya mara nne ya tungamo la protoni. Uzito huo una faida kwa mwananadharia. Kwaki c na antikwaki yake huzungukana kwa mwendo wa polepole kiasi, hata mfumo wao waweza kushughulikiwa karibu kama atomu. Baada ya kugunduliwa kwa mesoni ya J/ψ mwezi Novemba 1974, katika maabara za Brookhaven na Stanford nchini Marekani, kundi la Chuo Kikuu cha Cornell lilieleza viwango vya nishati vya mfumo huo kwa fomula ya sehemu mbili. Katika umbali mdogo kani hufanana na ile iliyopo baina ya chaji za umeme; katika umbali mkubwa nishati huzidi kukua kadiri kwaki zinavyoachana, ndiyo maana haziwezi kutenganishwa. Kwa miaka karibu thelathini fomula hiyo na zilizotokana nayo zilitabiri spektra ya mesoni hizi kwa mafanikio makubwa.

3.0 Kilichovunja Utaratibu

Mwaka 2003 watafiti wa jaribio la Belle, katika maabara ya KEK huko Tsukuba, Japani, walitangaza mesoni yenye tungamo la megaelektronivolti 3872, kwa kifupi MeV 3872. Kwa kuwa hawakujua ni nini, waliiita X. Ilikuwa na kwaki c na antikwaki yake, lakini haikukaa mahali ambapo fomula iliiwekea. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba tungamo lake lilikuwa sawa na jumla ya matungamo ya mesoni mbili, D isiyo na chaji na D* isiyo na chaji, kiasi kwamba tofauti yake ni ndogo kuliko makosa ya vipimo. Nukta hiyo ya jumla tutaiita kizingiti.

Mwaka 2013 maabara mbili, BESIII nchini China na Belle, zilitangaza Zc(3900), ambayo ina kwaki c na antikwaki yake na wakati huo huo ina chaji ya umeme. Jozi ya c na antikwaki yake haina chaji. Kwa hiyo ni lazima humo ndani mna kwaki nyingine nyepesi. Mwaka 2020 jaribio la LHCb huko CERN liliona X(6900), ambayo huvunjika kuwa J/ψ mbili, na mwaka 2021 likatangaza Tcc(3875), yenye kwaki c mbili na antikwaki nyepesi mbili. Kuwapo kwa mesoni zenye zaidi ya kwaki mbili si suala tena. Suala ni jinsi kwaki hizo nne zinavyokaa pamoja.

4.0 Nadharia Zinazoshindana

Nadharia ya kwanza ni ya molekuli. Wazo hili lilitolewa na Voloshin na Okun mwaka 1976, likaendelezwa na Törnqvist katika miaka ya 1990. Husema kwamba X(3872) ni mesoni mbili kamili zilizoshikana kwa ulegevu, kama protoni na nyutroni zinavyoshikana katika kiini cha deuteroni. Nguvu ya nadharia hii ni kizingiti. Deuteroni hufungamana kwa MeV 2.2. Ikiwa X hufungamana kwa MeV 0.1 tu, basi kanuni za kwanta zinadai kwamba mesoni zake mbili ziwe mbali kwa kadiri ya femtomita kumi au zaidi, umbali unaozidi mara kumi nusu kipenyo cha protoni. Nadharia hii hueleza pia kwa nini X huvunjika kwa njia mbili ambazo kwa kawaida hazipatikani pamoja kwa kiasi kinacholingana: kizingiti cha mesoni za D zenye chaji kiko juu kwa MeV 8 hivi, kwa hiyo jozi isiyo na chaji ndiyo hutawala, na usawa wa kwaki u na d huvunjika.

Nadharia ya pili, iliyojengwa na Maiani na wenzake mwaka 2005, hushika kwamba kwaki mbili hujifunga kuwa jozi, antikwaki mbili nazo jozi, na jozi hizo mbili hushikana kwa kani ile ile kali inayoshika protoni. Kitu kinachopatikana ni kidogo na kimesongamana. Hoja yake moja ilitoka katika jaribio la Fermilab: X ilionekana kwa wingi katika migongano ya protoni na antiprotoni, na mwaka 2009 baadhi ya wananadharia waliuliza ni vipi kitu kilicholegea kiasi hicho kinaweza kuzaliwa katika vurugu kama ile. Artoisenet na Braaten walijibu mwaka huo huo kwamba mesoni mbili zinazotoka pamoja huendelea kuathiriana, na athari hiyo huongeza uzazi. Kwa upande mwingine, nadharia hii ilitabiri jamaa za X wenye chaji karibu na tungamo lake. Walitafutwa, hawakuonekana.

Nadharia ya tatu husema kwamba katika baadhi ya mesoni gluoni zenyewe zimechangamshwa na ni sehemu ya muundo. Ya nne husema kwamba jozi nzito imekaa katikati kama kokwa, na mada nyepesi imeizunguka kama nyama ya tunda. Wapo pia wanaoonya kwamba baadhi ya vilele vinavyoonekana katika grafu si chembe kabisa, bali ni mikunjo inayosababishwa na kufunguka kwa kizingiti.

Baina ya nadharia hizo kuna mbinu ya kimia, iliyoanzishwa na Kenneth Wilson mwaka 1974, ambayo hukokotoa kani kali moja kwa moja kwa kompyuta, bila kuanza na picha ya muundo. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na msingi. Hata hivyo, hutoa viwango vya nishati na namna chembe zinavyotawanyana, haitoi neno. Anayesoma matokeo yake ndiye huamua kuita molekuli au kitu kingine.

Kwa maoni yetu ushahidi unaelekea upande wa molekuli kwa chembe zilizo pembeni mwa kizingiti, hasa Tcc, ambayo iko chini ya kizingiti chake kwa sehemu ya MeV moja tu, na ambayo haiwezi kuchanganyika na mesoni ya kawaida kwa sababu ina kwaki c mbili. Lakini X(6900) iko mbali juu ya kizingiti cha J/ψ mbili, wala haina kwaki nyepesi zinazoweza kubadilishana pioni. Hoja zinazoifaa Tcc haziifai yenyewe. Nayo X(3872) ina namba za kwanta zinazoruhusiwa kwa mesoni ya kawaida, hivyo yamkini ni mchanganyiko wa hali mbili kwa pamoja. Katika fizikia ya kwanta swali la "hii au ile" huenda halina jibu moja.

5.0 Wajibu wa Mwistilahi

Tuseme sasa mtu anatunga faharasa na anataka neno la kundi zima. Akiandika "molekuli za kwaki", amemhukumu Maiani bila kumsikiliza. Akiandika "vifundo vya kwaki", amemhukumu Törnqvist. Msomaji wa Kiswahili atapokea kama ufafanuzi jambo ambalo bado ni dai.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba jina lisilo sahihi halidhuru. Atomu, watasema, maana yake katika Kigiriki ni kisichogawanyika, na imegawanywa. Neno halikuzuia lolote. Hoja hii ina ukweli, lakini inathibitisha kinyume cha inachokusudia. Neno atomu halimdhuru mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu halimwambii kitu. Umbo lake ni kibubu kwake. Lau tungaliliunda kwa mzizi wa kugawanya, lingalimdanganya kila alipolisoma. Kwa muda mrefu tumefundishwa kwamba neno linalojieleza lenyewe ni bora kuliko la kutohoa. Ni bora pale maana inapokuwa imetulia. Pale ambapo haijatulia, ububu wa neno lililotoholewa ni ulinzi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "tetrakwaki" itumike kwa kila mesoni yenye angalau kwaki mbili na antikwaki mbili, bila kujali zimekaaje. Neno hili huhesabu tu, na hesabu ndiyo inayojulikana. Wanafizikia wenyewe wameelekea huko. Mwaka 2022 kundi la LHCb lilipendekeza herufi T kwa chembe za aina hiyo, na kwa utaratibu huo jina la Zc(3900) limebadilika kuwa la T, wakati X(3872) imepewa jina linalofuata namba zake za kwanta tu, bila kutaja muundo. Pili, maneno yanayodai muundo yabaki, lakini kama majina ya nadharia: "molekuli ya mesoni", "tetrakwaki iliyosongamana", na kwa ile yenye gluoni, "mesoni chotara". Neno chotara limekwisha kuzoeleka katika kilimo kwa mbegu na kuku, na mchanganyiko wa asili mbili ndio hasa unaodaiwa hapa. Tatu, kwaki ziitwe kwa herufi zake. Kutafsiri c kwa neno la urembo ni kutafsiri mzaha wa waliolibuni.

Linabaki neno "ngeni". Tumelichagua badala ya "za ajabu" kwa sababu ugeni ni uhusiano: mgeni ni mgeni kwa mwenyeji fulani. Mesoni hizi ni ngeni kwa mfano wa kwaki mbili, si kwa maumbile. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. X imekaa zaidi ya miaka ishirini, na tayari inalima: kwayo tunajifunza tabia ya kani kali pale ambapo fomula ya mwaka 1974 haifiki.

6.0 Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kiswahili lishughulike na mambo yanayojadiliwa na watu wachache kwa Kiingereza. Jibu letu ni kwamba lugha ya taaluma hupimwa kwa uwezo wake wa kuendesha ubishi ambao haujaisha. Ikiwa Kiswahili kitapokea kutoka kwingine matokeo yaliyokwisha kukubaliwa tu, kitakuwa lugha ya vitabu vya kiada, na mwanafunzi wake atadhani kwamba sayansi ni orodha ya majina. Faharasa zetu zinapaswa kuonyesha, katika kila kidahizo cha aina hii, ni lipi lililopimwa na ni lipi linalodaiwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaisimu akiwa peke yake, wala na mwanafizikia akiwa peke yake. Tunazialika idara za fizikia za vyuo vyetu vikuu kukaa pamoja na wanaisimu na kuanza na kidahizo kimoja, tetrakwaki, na kuandika fasili yake kwa Kiswahili pamoja na mashaka yake yote.