Mafuta Hayajaonekana, Panga Limeshafika

Neno "mafuta" lina utamu wake masikioni. Litaje katika baraza la chifu huko Gede uone vijana wanavyosogea mbele. Hata wewe, msomaji uliye Nairobi au Mombasa mjini, utaanza kupiga hesabu: barabara, umeme, kazi kwa yule mpwa aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani tu. Wahenga walituonya tusikate mbeleko kabla ya mwana kuzaliwa. Leo sitasema juu ya mwana. Nataka tuitazame ile mimba.

Leseni ya kutafuta mafuta si mafuta. Serikali huigawa ramani ya nchi, bara na bahari, vipande vipande, kila kimoja na herufi na nambari yake, kisha hutia sahihi mkataba na kampuni itakayokipekua. Mwaka 2012 kampuni ya CAMAC Energy ya Houston, Marekani, ilipata vipande kadhaa hapa Kenya. Kimoja, L16, kilikuwa katika ukanda wa Kilifi, na msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa ndani yake. Mkulima alilala shambani kwake akaamka yuko L16, na shamba halijasogea hata hatua moja.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita mraba 420 za msitu mkavu wa pwani, mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyosalia Afrika Mashariki. Humo mna isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, na kwera mmoja ambaye duniani kote huonekana Kilifi peke yake. Kama ndege na wanyama hawakugusi, sikiliza hili: tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, familia za kando ya msitu hulea vipepeo na kuwauza ng'ambo wakiwa bado wamejikunja ndani ya maganda. Karo za watoto hutoka humo. Asali nayo hutoka humo.

Sasa, mafuta hutafutwaje? Hukatwa njia nyembamba zilizonyooka kama uzi, kilomita baada ya kilomita. Ardhi hutikiswa kwa baruti au kwa malori mazito, na vyombo vilivyotandazwa chini hunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba. Wataalamu wakishamaliza hufunga mizigo, lakini njia hubaki. Mkata magogo na mtega mitego, ambao zamani walihangaika na vichaka, hukuta wamefyekewa.

Ndiyo maana mpango wa kupima ndani ya msitu ulipojulikana, wahifadhi na majirani wa msitu walipiga kelele, na mwaka 2014 kampuni ikasema haitaingia. Mwaka 2015 ilibadili jina ikawa Erin Energy, na mwaka 2018 ikafilisika. Hebu fikiria njia zile zingekatwa. Leo ungemwendea nani azizibe?

Baharini nako si tofauti. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima cha Mbawa-1 katika kipande L8 na kukuta gesi, ambayo haikutosha kwa biashara. Magazeti yalishangilia, kisha yakanyamaza. Meli ya kupima hukokota nyaya ndefu, na vyombo vingine huamriwa vikae mbali. Meli hiyo hupenda bahari shwari. Mvuvi wa Mayungu au Ngomeni naye huingojea kaskazi hiyo hiyo.

Wako watakaoniambia kuwa sheria imeshatengeneza mambo. Kweli, Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inasema katika fungu la serikali, kaunti ipate asilimia 20 na jamii ya mahali hapo asilimia 5, ziingie katika mfuko wa amana. Nzuri. Lakini asilimia 5 hiyo ni ya faida, na faida huja mafuta yakishauzwa. Miaka ya kupekua haina faida ya kugawa. Ina vibarua wa wiki chache wa kushika panga, na fidia ya kilichokatwa.

Hapo kwenye fidia ndipo Kilifi ina kidonda chake cha zamani. Maelfu ya watu wa pwani hii huishi kama maskwota juu ya ardhi waliyozikwa babu zao, bila hati. Karani wa kampuni akipita na daftari lake atahesabu minazi, miembe na mikorosho. Kisha atauliza, "Shamba la nani?" Bibi aliyeupanda mkorosho amesimama pale pale kizingitini, na hati iko kabatini kwa mtu asiyewahi kuuona mti huo. Je, jina litakaloandikwa ni la nani?