Ripoti za Mashine Tuzisome Sote
Ndugu wafanyakazi, tangu Novemba 2022 gesi ya Cabo Delgado inasafirishwa kutoka Coral Sul, kiwanda kinachoelea baharini. Katika mitambo ya leo kompyuta ndiyo mnyapara wa mashine, nayo hutoa ripoti za aina tatu: ya tahadhari, papo hapo hitilafu inapotokea, ya muhtasari, kwa siku au wiki, na ya mwenendo, kulinganisha miezi. Wakubwa hupenda muhtasari. Lakini wastani huficha mengi: mashine iliyochemka kwa saa 1 na kupoa kwa saa 23 huonekana nzima. Anayeungua ni aliyesimama kando yake saa ile. Kwa hiyo tunadai ripoti za tahadhari zibandikwe ukutani kabla ya kila zamu, kwa lugha tunayoielewa.