Fungu la Kufundisha Lisingoje Mfadhili

Mwaka 1982, Steven Reiss na wenzake huko Chicago waliwapa wanasaikolojia kisa cha mtu aliyeshikwa na woga uliomvuruga maisha. Kisa kilikuwa kilekile kwa wote, ila baadhi yao waliambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili. Hao ndio walioelekea kuuona woga wake kuwa si jambo la kutibiwa. Ulemavu uliwaziba macho wasiuone ugonjwa.

Ikiwa wataalamu wa Marekani waliteleza hapo, sembuse muuguzi wa zahanati aliye peke yake zamu nzima, na nje kuna foleni ya akina mama waliobeba watoto wenye homa. Kijana mwenye usonji akiletwa kwake kwa kuwa halali usiku na anajiuma mikono, jibu la haraka ni kwamba ndivyo alivyo. Akizidi, atapewa dawa ya kumtuliza. Huenda jino linamuuma. Huenda bibi aliyemlea alizikwa mwezi uliopita, na hakuna aliyeketi naye kumweleza bibi yuko wapi.

Visa hivi si vichache. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watu wazima 1,023 wenye ulemavu wa akili. Ukijumlisha na matatizo ya tabia, takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 212,000 wenye shida ya kukumbuka au kumakinika. Anayejua jinsi baadhi ya familia zinavyoficha watoto karani wa sensa anapobisha hodi hataiamini hesabu hiyo.

Pesa nazo ni haba. Shirika la Afya Duniani linasema nchi, kwa wastani, hutenga asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili. Ndani ya asilimia hizo mbili, mtu mwenye ulemavu wa akili ni nadra kutajwa.

Na bado njia imeshaoneshwa, tena hapa pwani. Katika mradi wa utafiti wa SPARK, Profesa Amina Abubakar wa Chuo Kikuu cha Aga Khan na wenzake wa Kenya, Ethiopia na Uingereza walifanyia kazi mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa wazazi na walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji. Kilifi ni mojawapo ya sehemu yalikopelekwa. Mafunzo yana vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na wakufunzi wake si lazima wawe madaktari. Mzazi hufundishwa kucheza na mtoto kwa kufuata anachokipenda, na kumshirikisha katika kazi ndogo za nyumbani. Mtoto akianza kugonga kichwa ukutani, mzazi hutafuta kilichotangulia: kelele, njaa, au kazi iliyomshinda. Pia kuna nafasi ya kuzungumzia uchovu na msongo wa mlezi mwenyewe, jambo ambalo kliniki nyingi hazina hata muda wa kuliuliza.

Lakini mradi ule uliendeshwa kwa fedha za utafiti kutoka Uingereza, na fedha za utafiti zina tarehe ya mwisho. Isitoshe, mafunzo yenyewe yalitungwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 9. Binti wa miaka 16 aliyeanza kujitenga hana kikao chake, wala kaka wa miaka 30 ambaye mama yake amezeeka.

Hapo ndipo hoja ya fungu la kudumu inaposimama. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inazibebesha kaunti jukumu la huduma hizi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imeongeza haki juu ya haki. Haki isiyo na mstari katika bajeti haimfikishi mkufunzi hata Malindi. Tusidanganyike pia na Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Hizo ni za unga na sabuni.

Watasema hospitali hazina hata Panadol. Ni kweli mara nyingi. Ila mafunzo haya hayahitaji jengo wala mashine. Tangu Septemba 2023, serikali imewatuma mashinani wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, ambao tayari wanaingia nyumba kwa nyumba na kipima shinikizo la damu begini. Kinachokosekana ni siku kadhaa za kuwafundisha, na nauli.

Uingereza iliamka baada ya kifo. Oliver McGowan, mwenye usonji, alifariki Bristol mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 18, baada ya kupewa dawa ya magonjwa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Mama yake, Paula, hakunyamaza, na sheria ya 2022 ikawalazimu watoa huduma za afya England kufundisha wafanyakazi wao kuhusu ulemavu wa akili na usonji. Mafunzo yaliyopewa jina la Oliver hutolewa pia na watu wenye ulemavu huo, nao hulipwa kwa kazi hiyo. Kaunti zetu zikiiga kitu kimoja, kiwe hicho.

Jingine la kuiga ni vitabu vya picha visivyo na maneno, ambavyo daktari Sheila Hollins alianza kuvichapisha mwaka 1989, vikiwemo vya kifo cha baba na cha mama. Msomaji husimulia mwenyewe anachokiona. Mchoraji wa Mombasa anaweza kutuchorea chetu, chenye matanga, leso na kaburi.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge yao kufikia Aprili 30, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Wazazi waende kwenye vikao vya wadi pamoja na vijana wao, wadai mambo matatu kwa shilingi na senti: nauli za wakufunzi, uchapishaji wa vitabu vya picha, na posho ya wakufunzi wenye ulemavu. Mwakilishi wadi akijibu kwamba suala hilo ni la wafadhili, aulizwe ufadhili ukiisha nani atalipa.