Viza ya Uingereza na harambee za dakika ya mwisho

Wazazi wengi huku Pwani bado wanapanga safari za wanao kwa mazoea ya zamani: barua ya chuo ikifika, kamati inaundwa, na michango inamiminika kwa M-Pesa wiki ya mwisho. Kwa Uingereza, mpango huo haufui dafu. Mwombaji huonyesha, mbali na karo, fedha za kujikimu za hadi miezi 9; Januari 2025 kiwango kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi akisomea London, au 1,136 kwingineko. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo; salio likipungua hata siku moja, ombi laweza kukataliwa. Tena ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi, mzazi au mlezi wa kisheria, si ya mjomba mweka hazina wa kamati, hata awe mwaminifu vipi.

Kudai uthibitisho si kosa. Kinachoudhi ni mawakala wanaopokea ada yao kwanza, habari ya siku 28 wakaitaja baadaye.

Wazazi wenzangu, anzeni harambee mapema, na masharti yasomeni wenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kumlipa wakala yeyote.

Mzazi,
Mombasa